Samaki Unayeruhusiwa Kuondoka Naye: Maelezo kwa Wateja Wetu wa Uvuvi wa Burudani Kupro

Kabla ya kulipa malipo ya awali, wateja wengi hutaka kujua kama samaki watakaowavua watakuwa mali yao. Jibu fupi ni ndiyo, kwa kitoweo cha nyumbani, lakini si kila samaki, si wa kila urefu, na si kutoka kila mahali. Kwa kuwa jambo hili tumelazimika kulieleza gatini mara nyingi huku jua likipanda na samaki wakiacha kula, tumeona afadhali tuliandike lote hapa, mteja alisome kabla hajafika.

Sisi ni biashara ndogo yenye boti moja Larnaca na gari la kwendea mabwawani, na sehemu kubwa ya wageni wetu wanaozungumza Kiswahili ni watu waliokulia Pwani au kando ya Ziwa Victoria, ambao sasa wanafanya kazi Ulaya na huja kisiwani kwa likizo fupi. Wageni hawa hawahitaji kufundishwa kufunga ndoana. Wanachohitaji kujua ni kwamba upande huu wa mashariki ya Mediterania maji ni ya joto, yana chumvi nyingi na chakula kichache cha samaki, hivyo bahari ambayo macho huiona safi hadi chini haina neema ya bahari walizozizoea, na asubuhi nzima inaweza kwisha kwa samaki watatu wa wastani. Tunasema hivi mapema kwa sababu yapo matangazo ya utalii yanayoahidi mengine.

Jambo la pili huwashangaza zaidi. Tangu Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, samaki wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi wamekuwa wakipenya na kuingia Mediterania, na Kupro, kwa kuwa haiko mbali na mlango huo, imewapokea kwa wingi. Mteja wa Lamu au Tanga akiinua mshipi hapa anaweza kukutana na tasi, na mara nyingi zaidi kuliko tungependa, anakutana na bunju.

Bunju anayetusumbua ni yule mrefu mwenye mstari wa rangi ya fedha ubavuni na madoa meusi mgongoni, ambaye wataalamu humwita Lagocephalus sceleratus. Katika Mediterania alithibitishwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwenye Ghuba ya Gökova nchini Uturuki, na haikupita miaka mingi akawa kero ya kila mvuvi wa kisiwa hiki, hata serikali ikaanza kuwalipa wavuvi wa kazi kwa kila kilo ya bunju wanayoileta iteketezwe. Meno yake manne yameungana kama mdomo wa kasuku na hukata nailoni bila mkono kuhisi chochote isipokuwa mshipi kulegea ghafla. Ukiuvuta unakuta ncha imekatwa safi, na ndoana, chubwi na chambo vyote vimekwenda. Wakati mwingine hula samaki ambaye tayari umemnasa, ukaishia kupandisha kichwa cha changu. Ndiyo sababu vifaa vinavyopotea vimo ndani ya bei yetu, na ndiyo sababu tunapovua chini tunafunga kipande kifupi cha waya kati ya ndoana na nailoni, ingawa tunajua kwamba waya huwatia shaka samaki wengine na kupunguza idadi ya wanaokula.

Bunju haondoki na mteja, na katika hili hatujadiliani. Sumu yake, tetrodotoksini, haiondolewi na kupika, kukaanga, kugandisha wala kukausha, na hospitali hazina dawa ya kuizima. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili wenyewe uimalize. Ini na mayai ndiyo mabaya zaidi, lakini minofu nayo si ya kuaminiwa. Hakosi mteja wa kutukumbusha kwamba Japani wapo wapishi wenye leseni wanaoandaa samaki wa jamii hii, nasi humjibu kwamba boti yetu haina mpishi wa aina hiyo, na kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya imekataza jamii yote ya bunju kuuzwa kama chakula. Akinaswa, nahodha ndiye anayemwondoa kwenye ndoana kwa koleo, kwa sababu meno yanayokata waya mwembamba hayashindwi na kidole.

Samaki-simba, yule mwenye mapezi mapana na mistari myekundu ambaye wateja wa Pwani wamemwona kwenye matumbawe ya kwao, ana habari tofauti. Miiba yake 18 ina sumu, 13 ikiwa mgongoni na mingine kwenye mapezi ya chini, lakini nyama yake haina sumu, ni nyeupe na laini, na kwa kuwa amezaliana kupita kiasi katika bahari hii isiyo yake, tunakuhimiza kabisa umchukue. Miiba tunaikata kwa mkasi mzito kabla hajaingia kwenye boksi la barafu. Hata hivyo ni nadra yeye kula ndoana, na wanaompata kwa wingi ni wanaozamia na mkuki. Safari za mkuki hatuziendeshi, na anayetaka kwenda kwa wengine ajue kwamba kanuni za Mediterania zinakataza bunduki ya mkuki kutumiwa pamoja na mtungi wa hewa, na pia kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Mwiba wa samaki-simba au wa tasi ukikuchoma, tunaliweka jeraha kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, kisha tunarudi bandarini bila kusubiri uone kama maumivu yatapungua.

Kwa samaki wengine kinachoamua ni rula iliyopigiliwa ukingoni mwa boti. Chewa lazima afike sentimita 45, ambao ni urefu mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na kila anayepungua hapo anarudi majini hata kama ndiye samaki pekee wa siku. Jodari wa bluu ana utaratibu wake mkali zaidi, kwani huhitaji kibali, na boti ya burudani haiwezi kubaki na zaidi ya mmoja kwa siku. Kwa hiyo tunaporambaza, yaani kuvuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda, tunawalenga fulusi na jodari wadogo wa aina nyingine. Hatutupi mshipi karibu na Zenobia, ile feri iliyozama nje ya Larnaca mwezi Juni 1980 na ambayo sasa ni mahali pa wapiga mbizi, hata mteja akituonyesha kwenye kioo cha sonari kwamba samaki wamejaa. Na samaki uliyemvua kwa burudani hauzwi, si kwa mkahawa wala kwa jirani. Katazo hilo ni la Umoja wa Ulaya mzima.

Kuhusu mabwawa, hali ni nyingine kabisa. Mito ya Kupro hushuka kutoka milima ya Troodos na mingi hukauka kiangazi, hivyo uvuvi wa maji baridi hapa hufanyika hasa kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya maji ya kunywa na ya mashamba, na karibu kila samaki aliyemo aliletwa na binadamu: karpi, trauti, perege, na besi wa Marekani mwenye mdomo mpana, ambaye kwa maoni yetu ndiye anayestahili mtu aamke alfajiri kwa ajili yake. Mteja wa Mwanza au Kisumu asitarajie sangara. Kuvua bwawani kunahitaji leseni ya Idara ya Uvuvi na Utafiti wa Bahari, na tunavulia ukingoni tu, bila kuingia majini. Karpi wote tunawarudisha, huo ukiwa ni uamuzi wetu wenyewe na si sheria.

Linaloharibu ratiba zetu za mabwawani ni ukame. Mwaka 2008 maji yalipungua hadi serikali ikayaagiza kwa meli kutoka Ugiriki, na hata Kouris, bwawa kubwa kuliko yote kisiwani, lililokamilika mwaka 1988 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 115, hushuka mpaka kanisa la Mtakatifu Nikolao la kijiji cha zamani cha Alassa likabaki limesimama nchi kavu. Hali ikiwa hivyo ukingo huwa tope linalomeza mguu hadi gotini, nasi tunakuhamishia bwawa jingine au tunakurudishia fedha, upendavyo.

Tunakuomba ututumie nakala ya pasipoti mara unapoweka nafasi, kwa sababu leseni ya bwawa haipatikani mwishoni mwa juma ofisi zikiwa zimefungwa. Aidha, kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 10 Januari 2026 inawataka wavuvi wa burudani wanaolenga aina fulani za samaki wajiandikishe na kuripoti walichovua kwa njia ya kielektroniki, na kama safari yako inahusu samaki hao, tutakuelekeza ujiandikishe kabla hatujatoka. Boti hung'oa nanga alfajiri, kwa kuwa kiangazi upepo huzidi mchana. Bahari ikichafuka tangu asubuhi, tunaahirisha bila kukutoza chochote.