Bibi wa kwenye simu naye anataka wajukuu Krismasi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hili limenikaa kooni miaka mingi na nikishaanza sijui kama nitafupisha. Kila ikifika katikati ya Desemba mnatuletea picha ileile, stendi ya Magufuli pale Mbezi watu wamefurika na mabegi na viroba vya mchele, halafu maneno ni yaleyale, Wachaga wanakwenda kwao kuhesabiwa. Tunacheka. Na mimi nacheka maana kwenye hizo picha na mimi nimo, nimeolewa Marangu, Kilimanjaro, tangu 2012 na kila mwaka nilikuwa napanda na watoto wangu kama wenzangu wote. Ila mimi sio Mchaga, mimi Mngoni wa Songea, na ninachotaka kuwauliza ni hiki, hao akina mama mnaowapiga picha wana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kuna hata mmoja mmeshamuuliza kwao wapi?

Nisieleweke vibaya, Krismasi ya Marangu naipenda pengine kuliko baba watoto mwenyewe. Safari yake na watoto watatu ni shughuli, zamani ulikuwa unabeba rambo zako, ile mifuko ya plastiki, mtoto akitapika unafunga basi, tangu zipigwe marufuku 2019 mimi natembea na kopo la Blue Band lenye mfuniko, na kitinda mimba wangu amelizoea mpaka bila kulipakata hapandi gari hata kama hatapiki. Korogwe tunachimba dawa na kununua machungwa dirishani, Mombo mwanangu mkubwa anauliza tumefika, Same anauliza tena, ukifika Himo gari likikata kona kuanza kupanda unasikia hewa imebadilika na masweta yanaanza kutafutwa kwenye mabegi. Mama mkwe tunamkuta ameshamaliza mambo yake, mbege, pombe yetu ya ndizi, imetulia, ndizi mshare za mtori zimekatwa zimelazwa jikoni, mbuzi anakula majani yake ya mwisho nyuma ya nyumba. Watoto wangu wanajua kusema aika mae, yaani asante mama, wakipewa chakula, na wanajua ukimkosea mtu unatakiwa ufanye nini. Kuna mwaka mwanangu wa kati alimvunjia binamu yake gari la mabati, bibi yake hakumchapa wala hakumgombeza, alimtuma tu kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, akachume jani la sale, ndilo la kuombea msamaha, akamwonyesha kulifunga fundo, akamwambia nenda kampe. Nilimwona akivuka uwanja amelishika kwa mikono miwili kama amebeba yai. Binamu alipolipokea tu mambo yakaisha, jioni wanagombania blanketi moja.

Halafu kuna mnada. Kwa wasiojua, kanisani kwetu ukitoka ibada ya Krismasi pale nje sadaka za mazao zinapigwa mnada, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, na anayeendesha ni mzee mmoja ana sauti ya gari la matangazo. Mwaka juzi huyo mwanangu wa kati akaona watu wananyoosha mikono na yeye akanyoosha, elfu 20, akanyoosha tena, elfu 25, kila akinyoosha watu wanapiga makofi na yeye kichwa kinazidi kuvimba, mimi niko chini namfunga mdogo wake kamba za viatu, kushtuka nasikia familia yetu imepata jogoo kwa elfu 40. Baba watoto alilipa huku anacheka kwa meno tu. Na jogoo mwenyewe watoto wakalia asichinjwe, mpaka leo yupo, mama mkwe anasema anawika saa nane usiku kama anadai chenji.

Sasa shule zilipofunguliwa Januari mwaka jana huyohuyo wa kati, alikuwa ndio ameingia darasa la pili, akaja na homuweki, chora nyumbani kwa bibi. Akachora migomba, ng'ombe zizini, mlima na weupe wake juu, jogoo wa elfu 40 amemfanya mkubwa kuliko ng'ombe. Mchoro mzuri kabisa. Nikamuuliza na bibi mzaa mama mbona hayupo? Akaniangalia kama nimemuuliza hesabu ya darasa la saba, akasema, "Mama, yule si bibi wa kwenye simu, sasa namchoraje?"

Nikaenda jikoni nikajifanya nakuna nazi, na siku hiyo hatukuwa na chakula cha nazi.

Kwa sababu mtoto hajakosea. Tangu niolewe kwetu nilikuwa nimeenda mara tatu, mara mbili ni misiba, na mkubwa ndio pekee aliyewahi kufika akiwa wa miezi minane, anajua nini. Sababu zipo, sikatai. Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 550, Songea ni zaidi ya 900, wenzetu wa Moshi 2019 wamerudishiwa mpaka treni sisi reli yenyewe hatuna, nauli ya watu watano kwenda na kurudi sio mchezo halafu Januari ndio hiyo inakusubiri na ada na sare na madaftari. Lakini tuseme ukweli jamani, sio umbali peke yake. Ni ile hali kwamba hakuna anayeuliza. Ikifika Novemba kwenye grupu la familia wanaulizana mnapanda lini, hawaulizani mnakwenda wapi.

Basi nikamwambia baba watoto mwaka huu nataka Songea. Akanyamaza siku mbili, sio kwa hasira, ni mtu wa kunyamaza. Siku ya tatu akaandika mwenyewe kwenye grupu kwamba mwaka huu hatutakuwepo, tunakwenda kwa wakwe zangu. Mhariri, simu ilitaka kuwaka moto. Wifi mmoja akauliza kwani kuna nini huko, kuna msiba? Shemeji akauliza kama watoto wataweza kula panya, utani wake wa miaka yote, nikamjibu kama siku zote kwamba wanaoliwa ni wa shambani sio wa darini kwake. Mwingine akasema mama atajisikia vibaya, hiyo ndio iliyoniuma kwa sababu mama mkwe ni mtu ambaye siwezi kumfanyia ubaya.

Nikampigia mwenyewe. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaanza kuzunguka zunguka, hali ya hewa, ng'ombe, jogoo. Akanikatiza. Akasema nimesikia, nendeni. Halafu akanyamaza kidogo akaniambia kitu ambacho miaka yote hiyo sikuwahi kukisikia kwa mtu, kwamba yeye kwao ni Kilema, hapo jirani tu, unaweza kwenda na kurudi kwa miguu, na tangu aolewe hakuwahi kula Krismasi kwa mama yake hata moja mpaka mama yake alipofariki. Tarehe 27 au 28 ndio huyo mama yake alikuwa anapelekewa watoto wamsalimie, wamevaa nguo za sikukuu ambazo zimeshachafuka. Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayekutajia bei ya sukari. Akamalizia, mwambie mama yako namsalimia.

Tukaenda. Mabasi ya Songea yanatoka alfajiri, na tulianza vibaya maana kampuni tuliyokata kwao tiketi ilikuwa imeuza viti vyetu viwili mara mbili, nikapanda nimempakata mtu mwenye miaka saba mpaka Morogoro pale mtu mmoja aliposhuka, kondakta anasema vumilia mama ni sikukuu. Lakini Mikumi ilinilipa. Barabara inakatiza mle hifadhini kama kilomita 50, na watoto waliokuwa wamelala wote wakaamshwa na kelele za gari zima, twiga wawili kando ya lami wanatuangalia kama sisi ndio tumekuja kuonwa. Kwenye mlima wa Kitonga mwanangu mkubwa alifumba macho, dereva anapanda taratibu na malori mbele yake, mimi nasali kimoyomoyo. Makambako giza linaingia, Njombe baridi mpaka wakaniuliza kama tumefika Marangu. Songea tumeingia usiku, watoto hawajitambui, kopo la Blue Band limefanya kazi yake mara nne.

Nisidanganye kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Desemba kwetu sio mwezi wa kukaa na kula nyama, ni mwezi wa mvua na jembe, watu wako shambani mahindi yanataka palizi na mbolea. Krismasi tulikula wali na kuku na dagaa nyasa, misa tukaenda na matope mpaka kwenye magoti, hakuna mbuzi wala mnada. Siku ya kwanza watoto walinuna, mdogo anauliza mlima wameuweka wapi, nikamwonyesha Matogoro akasema huo mbona hauna weupe. Nikamwambia huo ndio unatoa mto Ruvuma, hakushtuka hata kidogo.

Kilichowabadilisha ni masuku. Mama aliwatoa asubuhi mvua imekatika akaenda nao porini nyuma ya shamba, na hili tunda kwa wasiolijua huchumi mtini, unaokota lililoanguka lenyewe, ganda gumu la rangi ya kahawia unalibana linapasuka na ndani ni utamu mtupu na mbegu za kufyonza na kutema. Walirudi kanga ya bibi imejaa, mikono inanata, wanashindana nani anatema mbegu mbali, na mama yangu, mtu wa miaka sabini na kitu ambaye goti linamsumbua, naye yumo kwenye mashindano. Kesho yake walijiamsha wenyewe saa kumi na mbili. Wangu mimi, ambao Kimara kuwaamsha kwenda shule mpaka uvute shuka!

Na mjomba wao akawapeleka makumbusho ya vita ya Majimaji pale mjini, wakaoneshwa kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mkubwa alikuwa ameshasoma shuleni mambo ya Kinjekitile na maji yake ya kuzuia risasi, ila kwake ilikuwa ni vita ya kwenye kitabu cha mtihani. Alirudi amenyamaza kama baba yake, jioni akaniuliza mama kumbe hii vita ni ya kwenu? Nikamwambia ya kwenu pia. Hakujibu, alikwenda kukaa kwenye ngazi na mjomba wake wakapiga stori mpaka akaitwa kula mara tatu.

Lakini nilichotaka kuwaambia hasa ni cha usiku ule wa kwanza. Tumefika, mama ametoka na taa, anawashika mmoja mmoja uso kwa viganja viwili, huku anaongea bila kituo, pole na safari, mmekula, huyu kafanana na babu yake. Kitinda mimba amejificha nyuma ya gauni langu anasikiliza tu. Baadaye nilipoinama kumvua viatu akaninong'oneza, "Mama, anaongea kama simu."

Mhariri, sisemi watu waache kupanda Kilimanjaro, nani atakula mbuzi wote wale. Nyumbani kwetu tumeamua ni zamu, mwaka huu Marangu mwakani Songea, na najua kuna ndugu watasema tunaiga mambo ya Wazungu, waseme. Kuna mama mmoja jirani yangu hapa Kimara ni wa Kigoma kaolewa Machame, nilivyomsimulia akaniambia usimwambie mume wangu kwanza, acha nijipange. Na nyie akina baba mnaosoma gazeti hapo kijiweni, sijawasema vibaya, wangu alilima kwa wakwe zake siku nne, mikono ikatoka malengelenge, na mpaka leo anajisifia. Ila mkitutumia tena mwandishi pale Mbezi na kamera yake, amuulize basi mama mmoja mwenye watoto mara ya mwisho amekula Krismasi kwa mama yake mwaka gani, halafu aandike atakachojibiwa.

Sisi tiketi za Moshi tumeshakata, tunaondoka keshokutwa. Jana nilikwenda stendi kupokea mzigo kutoka Songea, mama amemtumia mama mkwe ndoo ya dagaa nyasa na mfuko wa masuku, hajawahi kumwona uso kwa uso tangu siku ya harusi yangu. Masuku nusu yamefika yamepasuka yametiririkia kwenye dagaa, nimekaa usiku nayachambua na wa kati ananisaidia kwa kuyala, mazima yamebaki 31, nimeyafunga kwenye magazeti yenu ya wiki iliyopita.

Mama wa watatu,
Kimara, Dar es Salaam