Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Tumsome Jirani Kabla ya Ugomvi

Ngamiani, Tanga.

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Dodoma.

YAH: WATAALAMU WA NCHI JIRANI

Mheshimiwa Waziri,

Naomba nianze na machungwa. Msimu mmoja, si zamani sana, nilimsindikiza mdogo wangu aliyekuwa amepakia lori la machungwa kutoka Muheza kwenda kuuza ng'ambo ya mpaka, tukakwama mpakani siku tatu kwa sababu ya ugomvi wa kibiashara uliokuwa juu ya vichwa vyetu. Siku ya pili machungwa ya chini yalianza kuchuruzika maji kwenye mbao za bodi, nzi wakajaa, na kila ofisa tuliyemuuliza, wa huku na wa kule, alitujibu kwamba anasubiri maelekezo. Hasara tuliimeza. Lililonikaa moyoni ni kwamba katika umati wote ule, mtu pekee aliyejua nani hasa anaamua upande wa pili, na anataka nini, alikuwa dalali mmoja wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, aliyeshinda akipiga simu kwa Kidigo huku na huku.

Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na dalali yule alinikumbusha nchi ambayo pengine hukutarajia kuisoma katika barua kutoka Tanga. Ni Ufini, ambayo magazeti yetu huiandika Finland. Wengi wetu wa huku tuliwajua Wafini kupitia misitu ya Usambara Mashariki, kwa sababu ni kwa msaada wa nchi yao kwamba Amani ilikuja kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Mimi nilitaka kujua watu wa nchi ya baridi vile, wasiofika milioni sita hata leo, walipata wapi desturi ya kujishughulisha na mambo ya mbali, na jibu nilikuja kulikuta katika vita.

Novemba 30, 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Ufini, baada ya mazungumzo ya kudai ardhi iliyo karibu na Leningrad kushindikana. Wafini walipigana kwa namna iliyoushangaza ulimwengu, wakingojea msaada wa Uingereza na Ufaransa uliozungumzwa sana, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na Machi 1940 wakatia saini amani ya kukata maeneo yao. Mwaka 1941 wakarudi vitani bega kwa bega na Ujerumani ili wakomboe walichopoteza, na Septemba 1944 wakaomba kusitisha mapigano wakiwa katika hali mbaya zaidi. Walipoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nchi; watu zaidi ya 400,000 walihama makwao; walitakiwa kulipa fidia ya bidhaa zenye thamani ya dola milioni 300; na rasi ya Porkkala, mwendo mfupi kutoka Helsinki, ikakodishwa kwa Wasovieti iwe kambi yao ya jeshi. Treni za Kifini ziliporuhusiwa kukatiza pale, madirisha yalifunikwa kwa mbao na kichwa cha treni kikawa cha Kisovieti. Hebu fikiria, Mheshimiwa, abiria ameketi gizani mchana kweupe akipita katika nchi aliyozaliwa, haruhusiwi kuiona.

Ningekuwa mimi, ningeamka na chuki kila siku. Siasa ya nje ya Ufini baada ya hapo ilijengwa na mzee Juho Kusti Paasikivi, waziri mkuu tangu 1944 na rais kuanzia 1946, ambaye alikijua Kirusi, aliisoma historia ya Warusi, alikuwa ameongoza ujumbe wa amani na Urusi ya Kisovieti mwaka 1920, akaenda tena Moscow kwa mazungumzo yale ya 1939, na wakati huo huo aliwashauri wenzake walegeze kidogo, wasimsikilize. Huyu ndiye dalali wangu wa Lunga Lunga, ila kwa cheo cha juu. Aliamini kwamba Moscow iliitazama Ufini zaidi kwa hofu ya usalama wa Leningrad, na kwamba hofu hiyo ikitulizwa, Wafini wataachiwa bunge lao, mahakama zao na biashara yao. Februari 1948 Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alipoandika akitaka mkataba wa mfano wa ile ya Hungary na Romania, Wafini hawakukataa, lakini walikwenda na maneno yao wenyewe. Mkataba uliotiwa saini Aprili 6, 1948 uliwabana kupigana katika ardhi yao tu, endapo Ujerumani au washirika wake wangeshambulia kwa kupitia kwao, na ukataja waziwazi nia ya Ufini ya kukaa nje ya magomvi ya wakubwa. Linganisha na yaliyowapata Hungary na Romania, zilizoishia kutawaliwa kwa amri ya Moscow, utaona uzito wa sentensi moja iliyoandikwa na mtu anayemjua anayemwandikia.

Sisemi kwamba ilikuwa siasa ya kupendeza. Mwaka 1947 Ufini iliukataa msaada wa Marshall, ule wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, kwa kuchelea kuiudhi Moscow. Rais wa zamani, Risto Ryti, alifungwa kwa kosa la kuiingiza nchi vitani, katika kesi iliyoendeshwa kwa shinikizo la washindi. Magazeti yalijifunza kujizuia, na mwaka 1961, Moscow ilipotuma waraka wa kutisha, mgombea wa kumpinga Rais Urho Kekkonen alijitoa, na Kekkonen akaendelea kukaa madarakani hadi miaka ya 1980 ilipoanza. Wajerumani wa Magharibi wakatunga neno la kuwasuta kwa jambo hilo, yaani "kufanywa kama Ufini", na kwa sehemu walikuwa na haki.

Lakini tazama walichofanya na nafasi waliyoachiwa. Fidia waliimaliza mwaka 1952, Porkkala ikarudishwa 1956, na katikati ya hapo, mwaka 1955, wakaingia Umoja wa Mataifa, na mwaka uliofuata wakapeleka askari wa kulinda amani Suez. Nchi isiyoweza kusema kila inachofikiri mbele ya jirani ilijitafutia jina kwa kupatanisha wengine. Balozi wao aliyefika Dar es Salaam mwaka 1973, Martti Ahtisaari, alizaliwa Viipuri, mji ambao kwao haukurudi tena baada ya vita. Mtoto yule wa wakimbizi ndiye aliyekuja kuwa Kamishna wa Umoja wa Mataifa wa Namibia mwaka 1977, kisha rais wa nchi yake, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2008.

Wapo watakaosema kwamba yote hayo yalibatilika Aprili 4, 2023, Ufini ilipojiunga na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Sioni hivyo. Siasa ile ilisimama kwa muda ambao jirani aliridhika na masharti yake, na walipoona ameyaacha, Wafini hawakuhitaji mgeni wa kuwafasiria. Mwisho wa 2023 walifunga na vituo vya mpaka wao wa kilomita 1,340, jambo ambalo sisi wa Horohoro hatuhitaji kuelezwa: mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983, na ndugu wakazikana bila kuonana.

Sisi pia tumepigana na jirani. Majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 11, 1979, na leo bomba la mafuta la kilomita 1,443 linatoka Hoima, katika Uganda hiyo hiyo, kuja kuishia hapa Chongoleani. Kati ya tarehe ile na bomba hili kuna kazi kubwa ya kidiplomasia ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuikuta katika kitabu chochote cha Kiswahili, na hata mapatano ya Arusha ya 1984 ya kugawana mali za Jumuiya ya zamani huyakuta kwa kutajwa tu.

Ombi langu, Mheshimiwa, halihitaji bajeti kubwa. Tunapakana na nchi nane. Kila moja ipewe maofisa wachache wasiohamishwa hamishwa, wajifunze lugha zake, Kireno kwa Msumbiji, Kirundi kwa Burundi, Kichewa kwa Malawi ambayo suala la Ziwa Nyasa bado halijaisha kati yetu, wakae huko miaka, na wakirudi wasipangiwe dawati la Ulaya kama zawadi. Wachukuliwe na vijana wa mipakani, ambao nusu ya kazi hiyo wamezaliwa nayo. Na nyaraka za Wizara za 1979 hadi 1984 ambazo hazina tena siri zichapishwe kwa Kiswahili, ili hao maofisa wawe na pa kuanzia.

Mdogo wangu ameshaanza kuzungumza na wenye mashamba kule Muheza kuhusu msimu ujao. Ameniuliza kama safari hii lori litapita, nami nimemwambia nimekuandikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngamiani, Tanga.