Keukenhof Jumamosi: someni hadi mwisho

Habari za jioni ndugu zangu. Safari ya Keukenhof, bustani ya maua ya Uholanzi: tunakutana stesheni ya treni ya Leiden Centraal, upande wa mabasi, saa 3:00 asubuhi. Muda wa kuingia kwenye tiketi utaandikwa 10:00, yaani saa 4 yetu. Tafadhali asije mtu saa 10 jioni. Basi ni namba 854. Anayetokea uwanja wa ndege wa Schiphol apande 858, tukutane langoni.

Nunueni tiketi ya bustani na basi kwa pamoja, mtandaoni, na wote tuchague muda uleule wa 10:00. Watoto chini ya miaka 4 hawalipi. Kwenye treni, kadi moja ya benki ni ya mtu mmoja tu: baba na mama msigonge kadi ileile kwenye mashine ya stesheni, itahesabu wa pili kuwa ndio anatoka. Na mkishuka, gongeni tena.

Nguo: jua la Aprili huku ni la kudanganya. Vaeni tabaka tatu, koti la mvua juu, na soksi za akiba kwa watoto. Mwavuli uacheni, upepo utaupindua. Chapati na chai ya chupa tubebe, mikahawa ya ndani ni ghali.

Mashamba ya tulipu nje ya bustani ni mali ya wakulima. Picha tupigie kando ya barabara. Ukikanyaga matuta unaponda vitunguu vya maua, yaani mashina ya chini ya ardhi ambayo ua huota kwayo, na hivyo ndivyo bidhaa yao. Mkikuta shamba limekatwa vichwa msishangae: hukata ua makusudi ili nguvu irudi kwenye kitunguu.

Anayekuja na kigari cha kusukumia mtoto aniambie leo.