Shemeji, waliofungwa mara 2 ndio waliobeba kombe

Shemeji, salamu nyingi.

Umezoea ligi ambayo pointi zinajumlishwa kuanzia Agosti mpaka Mei, ndiyo maana matokeo ya mwaka 2022 ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, ya vyuo vya Weusi kule Marekani yamekuchanganya. Jackson State walifika fainali wameshinda mechi 12 kati ya 12. North Carolina Central, chuo cha mjini Durham, walikuwa wamefungwa mara 2. Bingwa akawa Central. Hakuna aliyekosea kuandika. Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako, kwamba iweje waliofungwa mara 2 wawe mabingwa mbele ya wasiofungwa kabisa, linaulizwa na wengi.

Vyuo hivi vilianzishwa wakati Weusi hawakubaliwi kwingine. Central ilifunguliwa mwaka 1910 na James E. Shepard. Futiboli yenyewe ni ya zamani zaidi: tarehe 27 Desemba 1892, mjini Salisbury, jimbo hilohilo la North Carolina, vyuo vya Biddle na Livingstone vilicheza kwenye theluji, Biddle wakashinda. Kwa miaka mingi bingwa wa vyuo vya Weusi alikuwa anatajwa na magazeti kama Pittsburgh Courier, na kila mtu na gazeti lake. Tangu 2015 kuna mechi moja inayokata mzizi wa fitina, Celebration Bowl, inayochezwa Atlanta katikati ya Desemba kati ya bingwa wa MEAC na bingwa wa SWAC, ligi mbili za vyuo vya Weusi. Central wako MEAC, Jackson State wako SWAC.

Sasa angalia kila upande unavyompata bingwa wake, kwa maana hapo ndipo wengi wanapopotea. SWAC mwaka huo ilikuwa na timu 12 katika makundi mawili, na vinara wa makundi wanacheza fainali ya ligi mapema Desemba. Jackson State waliipiga Southern 43-24. MEAC ina timu 6 tu. Kila timu inacheza mechi 5 za ligi, na fainali haipo. Mbili zikilingana, linaangaliwa pambano lao wenyewe. Mwaka 2022 Central na Howard walimaliza sawa, kila mmoja ameshinda 4 na kufungwa 1, lakini Central walikuwa wameitandika Howard 50-21. Kwa hiyo fainali ya MEAC ilikuwa imeshachezwa kimyakimya, bila mtu kuiita fainali.

Na vile vipigo viwili? Kimoja kilitoka kwa Campbell, ambao si wa MEAC, kwa hiyo kwenye msimamo wa ligi hakikuhesabiwa hata kidogo. Cha pili kilitoka kwa South Carolina State, ambao ni wa MEAC, nacho ndicho kilichowaweka roho juu. Kwa upande mwingine, ushindi wao wa 45-27 ugenini kwa New Hampshire, ambao kwa maoni yangu ulionyesha ubora wao kuliko mechi yoyote ya ligi, nao haukuwaongezea chochote kwenye msimamo. Ukitaka kufuatilia MEAC, chukua kalamu uzungushie zile mechi 5. Nyingine ni za mazoezi, mapato na heshima.

Utauliza kwa nini wasiende kwenye mtoano wa taifa wa daraja lao, wenye timu 24. Sababu ni kalenda na pesa. Mtoano huanza wikiendi ya sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, wakati huohuo Grambling na Southern, timu za SWAC, wanajaza uwanja New Orleans, na fainali ya SWAC bado haijachezwa. Ukienda kwenye mtoano, gharama ni nyingi na mashabiki ni wachache. Atlanta kuna televisheni, uwanja wa kisasa, na fungu linalorudi kwenye ligi. Wapo wanaosema ni kukimbia ushindani, na wanakumbusha kwamba Florida A&M walibeba taji la taifa la daraja hilo mwaka 1978, lilipochezwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwafunga Massachusetts 35-28. Ni kweli, na mpaka leo hakuna chuo kingine cha Weusi kilichofanya hivyo. Ila mtoano ule ulikuwa wa timu 4. Mimi nisingewashauri warudi.

Turudi kwa Central, maana kombe la 2022 halieleweki bila jeraha la 2016. Mwaka huo walikuwa nyuma ya Grambling 10-3, zimebaki dakika 2 na kitu, wakapata tachidauni, yaani waliufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani kwa pointi 6. Ikawa 10-9, umebaki mkwaju wa pointi 1. Mkwaju huo kwa kawaida ni mwepisi: mpira unaanzishwa kwenye yadi 3, mshikaji anaupokea yadi 7 nyuma, goli liko yadi 10 ndani, jumla yadi 20. Lakini aliyefunga tachidauni alivua helmeti akishangilia. Kwa sheria, hiyo ni adhabu ya yadi 15, na mkwaju ukawa wa yadi 35. Ukiongeza umbali, mpigaji analazimika kuusukuma mpira chini zaidi ili ufike, na mpira wa chini unapita karibu na mikono ya mabeki. Ukazuiwa. Grambling wakaondoka na kombe kwa 10-9.

Mwaka 2022, tarehe 17 Desemba, mambo yalikaribia kuharibika tena. Central, chini ya kocha Trei Oliver, aliyewahi kuichezea timu hiyohiyo, waliongoza 34-27. Sekunde ya mwisho kabisa kotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) wa Jackson State, Shedeur Sanders, akampata Travis Hunter kwenye eneo la mwisho. Saa imeisha, lakini mkwaju unapigwa hata kama saa imesoma sifuri. Ukaingia. 34-34.

Muda wa nyongeza wa vyuo hauna saa. Kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka mstari wa mwisho wa mpinzani, na majaribio 4 kwa kila yadi 10. Anayecheza wa pili ana nafuu, kwa sababu anajua anahitaji pointi ngapi, ndiyo maana timu nyingi zikishinda sarafu huchagua kuzuia kwanza. Central walianza. Davius Richard, kotabeki wao, aliingia mwenyewe na mpira badala ya kuurusha, mkwaju ukakubali, 41-34. Jackson State wakasogea mpaka mlangoni. Jaribio la nne, pasi ikamfikia mpokeaji ndani ya eneo la mwisho, ikamponyoka mikononi. Mchezo ukaishia hapo.

Kuna wanaosema Jackson State walivurugika kwa sababu kocha wao, Deion Sanders, alikuwa ameshatangazwa kuhamia Colorado wiki mbili kabla. Sikatai kwamba lilikuwepo kichwani mwao. Lakini timu iliyovurugika hairudishi bao sekunde ya mwisho.

Ukiangalia mechi hizi kwa mara ya kwanza, usinunue chakula wakati wa mapumziko. Nenda robo ya tatu. Mapumziko ni ya bendi za vyuo, na nusu ya uwanja imelipa kiingilio kwa ajili yao.

Jackson State nao walilipata kombe hilo mwaka 2024, chini ya T.C. Taylor, kwa kuifunga South Carolina State 28-7. Msimu huo walikuwa wamefungwa mara 2.