Boriti Moja kwa Kila Ukoo: Wito wa Kuinusuru Dari ya Msikiti Wetu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, akina mama, ndugu zetu, na watoto wa Bagamoyo mlioko Dar es Salaam, Unguja, Tanga na ughaibuni: tunawaandikia habari ya dari.

Aliyewahi kukaa itikafu katika msikiti wetu wa Mji Mkongwe anaijua. Kwenye swala macho huelekea pahala pa kusujudia. Lakini usiku wa manane, ukisharudisha msahafu kwenye marfaa na kujinyoosha mkekani, ndipo unapoiona: boriti zimepangwa bega kwa bega kama safu za wanaoswali, kila moja imechongwa kwa tezo kingo nne, ikatiwa mistari ya rangi nyekundu na nyeusi. Karibu na kibla mistari inakuwa myembamba na kukaribiana, kama kwamba fundi alikuwa akipunguza sauti kila alivyosogea mbele.

Masika iliyopita maji yalipita. Tulipozigonga boriti moja moja, 27 zilikuwa zimeoza. Sababu tunaijua, na ni mikono yetu wenyewe. Miaka ya nyuma tulipiga plasta ya saruji kwenye ukuta wa nje tukidhani tunauimarisha. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu ukiingia, hupata njia ya kutoka. Saruji imeufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zimekaa na majimaji mwaka hadi mwaka. Mchwa wakaja kumalizia.

Wapo waliotushauri tung'oe zote, tuezeke bati, chini tuweke jipsamu nyeupe. Tunawaheshimu, ila hapo tumekataa. Nendeni Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji. Kuta za msikiti zipo, kibla kipo, makaburi yenye nguzo yapo. Dari haipo. Unasimama ndani ya msikiti wa mababu na juu yako ni mawingu. Katika jengo la mawe dari ndiyo hutangulia kufa, na ikienda inakwenda na rangi zake zote.

Tunajua dari yetu si kubwa. Boriti ya mkoko haivuki sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba, na ndiyo maana msikiti wetu una safu ya nguzo katikati. Majahazi yalipakia boriti kama hizi yakazipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi kwa upepo wa kusi, na huko nako vyumba vikafuata kipimo cha mkoko wa kwetu. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya matumbawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto, watu wengi wakapigapiga kwa magongo siku kadhaa, kwa nyimbo, mpaka pakashikana. Ukiitazama vizuri, dari hii ilianza kwa harambee.

Wala si sisi peke yetu tuliotaka kupamba juu ya vichwa vyetu. Kilwa Kisiwani, mafundi walichomeka mabakuli ya kung'aa ndani ya makuba ya msikiti. Kule Granada, Hispania, katika kasri la Alhambra, dari ya ukumbi wa mabalozi imeungwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 8,000 vikafanya nyota na mbingu saba, na chini yake imezungushwa Suratul Mulk. Palermo, kisiwani Sisilia, Italia, katika karne ya 12, Mfalme Roger wa Pili, Mkristo, alitaka kanisa la kasri lake liwe na dari ya mbao yenye maandishi ya Kiarabu, nayo ipo hadi leo. Hiyo ya Palermo tunapenda kuisimulia zaidi, kwa kuwa mji wetu umekaa na misheni tangu 1868, na majirani zetu Wakristo ni miongoni mwa waliotangulia kuleta mchango.

Tunachohitaji ni korija moja na nusu ya boriti, yaani 30, zile tatu zikiwa akiba ya zitakazopasuka. Mikoko inalindwa kisheria, hivyo tutanunua zenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu tu, hata zikichelewa. Inahitajika chokaa, nayo inataka kulowekwa wiki nyingi kabla ya kutumika. Ili kazi ianze kipupwe, lazima tuinunue sasa. Na fundi mzee aliyekubali kuja anaomba vijana wawili wa mtaa wajifunze kwake kuchonga na kuchora, tutakaowalipa posho.

Tumeomba boriti moja kwa kila ukoo. Asiyeweza boriti alete mfuko wa chokaa, au siku ya kazi, au chakula cha mafundi. Ni sadakatul jaria, sadaka ambayo thawabu zake hazikatiki. Mweka hazina hupokea michango msikitini kila Ijumaa baada ya swala, na hesabu hubandikwa mlangoni Ijumaa inayofuata. Walio mbali wapitishie kwa jamaa zao walioko hapa.

Na anayetaka kuona kabla ya kutoa, aje. Mlango uko wazi tangu alfajiri. Tutamtandikia mkeka ajilaze, atazame.