Anayejitolea Naye Hunywa Chai

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Aprili 12 magazeti hujaa picha za Hayati Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa waziri mkuu wetu, na hotuba za wakubwa wakiwataka vijana wamuige. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mvomero, si mbali na Dakawa alikopatia ajali, na ninaye kijana mmoja aliyeyachukua maneno hayo kwa uzito. Naomba nafasi nimsemee.

Alikuja mwaka jana, muhula wa kwanza, na baiskeli ya kuazima. "Shikamoo mwalimu. Naomba darasa lolote la hisabati, sidai mshahara." Nikamuuliza huko mjini kamkosea nani. Akasema amesoma SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, miaka mitatu, jina la Sokoine liko getini na kwenye kitambulisho chake, ila hakuwahi kujiuliza mwenye jina alikuwa nani mpaka siku moja alipoketi akasoma. Akapiga hesabu: mtu kazaliwa 1938, kaingia bungeni 1965 na miaka 27, kawa waziri mkuu 1977, kafa 1984 na miaka 45. "Mimi nina 26, mwalimu. Nimebakiza mwaka mmoja, na vocha bado namwomba mama."

Tukacheka, nikampa la tano.

Mimi nilikuwa na miaka 12 Alhamisi ile Mwalimu Nyerere alipotangaza msiba redioni. Baba aliizima redio, kisha akaiwasha tena, kama vile ingebadili kauli. Lakini nakumbuka na mengine. Mwaka uliotangulia, msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, aliousimamia Sokoine ulipopamba moto, kuna watu walitupa bidhaa porini usiku. Mdogo wangu aliokota mche wa sabuni mtaroni. Mama akaukata vipande akavifukia ndani ya mahindi, tukawa tunafua sare gizani tusije tukaulizwa tumeipata wapi. Ilipokuja Nguvu Kazi, ile operesheni ya kuwarudisha shambani wasio na kazi mijini, binamu yangu alikamatwa mjini kwa kukosa kazi inayotambulika, akarudishwa kijijini ashike jembe. Kijana nilimsimulia yote hayo, maana sikutaka amjue Sokoine wa kwenye kalenda tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi nimekuja bila kukamatwa."

Na jembe kalishika kweli. Nyuma ya vyoo vya wasichana palikuwa jalala. Yeye na watoto wa la tano walilifyeka, wakajaza udongo kwenye viriba, wakaotesha mipapai, na siku ya kuhamishia miche wakapima kwa kamba toka shimo hadi shimo. Waliokuwa wakichanganya sentimita na mita hawachanganyi tena. Jumamosi huja na wenzake wawili watatu aliomaliza nao chuo, nao hawana ajira, wanamwagilia huku wakibishana mpira.

Linaloniuma ni hili. Kabla ya kuja kwangu, ofisi moja ilimtumia miezi minne kujaza madaftari ya takwimu. Alipoomba barua ya kuthibitisha kazi aliyoifanya, akajibiwa, "Si ulijitolea? Barua ya nini?" Nilikasirika sana niliposikia, nikajiona mimi mwema. Kumbe kila saa nne, walimu tukiwa kwenye chai na mihogo, yeye alikuwa bustanini "anakagua miche". Nilidhani ni bidii, hata nikamsifia mbele ya wenzangu. Mpishi wa shule ndiye aliyenivuta pembeni: "Mwalimu, yule mtoto hachangii chai, anaona haya kukaa." Muhula mzima sikuwa nimeliona hilo.

Sasa jina lake limo kwenye daftari la chai na mchango wake tunagawana. Barua nimeandika mwenyewe, nimegonga mhuri, nimetaja tarehe aliyoanza na vipindi anavyofundisha. Haikunigharimu hata nusu saa. Ndugu zangu wenye ofisi, kabla ya hotuba ya Aprili ijayo, hebu ulizeni huyo kijana anayewafungia mafaili nauli anaitoa wapi, na kama jina lake limeandikwa popote.

Mipapai mitatu imeshazaa. Papai la kwanza alilikata yeye mwenyewe, saa nne, mezani kwa walimu. Halikuwa limeiva vizuri, tukalila hivyo hivyo na chumvi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mvomero, Morogoro