Mhariri, Morans walikosa pointi mbili tu

Kwa Mhariri,

Wiki jana nilisoma kwa ukurasa wenu wa michezo mtu ameandika ati Kenya haijawahi kuwa na lolote kwa basketi, nikaweka chai chini. Huyo labda 1993 alikuwa hajazaliwa. Mwaka huo AfroBasket, lile kombe la basketi la mataifa ya Afrika, ilichezewa hapa hapa Nairobi na tukamaliza nambari nne, Afrika nzima bana, sasa hiyo nayo si kitu?

Baada ya hapo giza, miaka 28 AfroBasket tunaiona kwa TV tu, hilo sikatai. 2019 Morans, timu yetu ya taifa, wakaenda AfroCan kule Bamako, ile ya wachezaji wanaocheza ligi za huku Afrika, wakapenya mpaka fainali, Kongo ya Kinshasa ikatunyorosha 82-61 tukarudi na medali ya fedha. Wangapi walijua?

Halafu ikaja Februari 2021, Yaoundé, tunacheza na Angola kutafuta tiketi ya AfroBasket, na Angola kwa basketi ndio wenyewe, wakati huo walikuwa na mataji 11 ya Afrika. Kocha wetu ni Liz Mills, mama wa Australia. Sekunde zinaisha, mpira uko kwa Tylor Ongwae, anarusha shuti ya mwisho kabisa, inaingia, 74-73! Nilikuwa naangalia kwa simu, nikapiga nduru jirani akatoka na rungu akidhani ni wezi.

Kigali mwaka huo huo, kwa AfroBasket yenyewe, tukachapa Mali 72-66, alafu tukakutana na Sudan Kusini tukigombea robo fainali. Hao waliingia kwa nafasi ya Algeria iliyojitoa, sio ati walikuwa wakali kutuliko. Wakatushinda 60-58. Pointi mbili, yaani kikapu kimoja.

Sasa angalia vile mambo yalienda. 2023 hao jamaa wako Kombe la Dunia wanachapa China 89-69 na wanakata tiketi ya Olimpiki, Julai 2024 wako London na Marekani ya kina LeBron James inaponea 101-100, wiki moja baadaye kwa Olimpiki ya Paris wanapiga Puerto Rico 90-79. Na mmoja wao, Nuni Omot, alizaliwa kambi ya wakimbizi hapa kwetu Kenya! Luol Deng aliyecheza NBA ndiye alishika shirikisho lao, akatoa pesa mfukoni mwake, akakusanya vijana wao kutoka Australia na Marekani akawaweka pamoja. Sisi mama aliyetuvusha Yaoundé, mwaka uliofuata alikuwa Morocco anafundisha AS Salé.

Kwa hivyo mwandishi wenu asiseme hatuna historia, aulize kile kikapu kimoja cha Kigali kiligeukaje kuwa umbali wa Nairobi na Paris, hiyo ndio stori ya kufuatilia, na akitaka kuanza basi aende Nyayo wikendi ligi ikiwa inachezwa, kuingia hatasumbuka maana viti viko wazi, kurasa zenu zote ziko Arsenal na Man U.

Na mkiwa na picha ya ile shuti ya Ongwae ichapisheni. Ukurasa mzima, tafadhali, nataka kubandika sebuleni.

Msomaji wenu wa kila siku,
Nairobi